MUINDI MBINGU: NG'OMBE, ARDHI NA AFYA YA UKAMBANI

Mwanafunzi anayetoka Chuo Kikuu cha Nairobi akielekea katikati ya jiji hupitia, aghalabu bila kutafakari, barabara iitwayo Muindi Mbingu. Barabara hiyo hupakana na bustani ya Jeevanjee na kulifikia Soko la Jiji, ambamo wachinjaji huning'iniza mapaja ya ng'ombe na mbuzi kuanzia alfajiri. Hapo pana kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angekionea fahari, kwani mwenye jina hilo alipata umaarufu kwa kupinga ng'ombe wa watu wake kupelekwa machinjioni kwa nguvu.

Yaliyoandikwa juu yake kwa kawaida humweka katika safu ya wapigania uhuru, kisha yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa jicho jingine. Siku hizi wataalamu wa afya ya jamii wanakubaliana kwamba afya ya mtu haitokani na dawa na hospitali pekee. Hutokana pia na ardhi anayolima, maji anayokunywa, chakula kilichomo ghalani na sauti aliyo nayo katika maamuzi yanayomhusu. Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ililieleza jambo hilo kwa kirefu mwaka 2008. Muindi Mbingu na wenzake walikuwa wamelitembea kwa miguu miaka 70 kabla yake.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa mtu wa Ngelani, katika milima iliyo karibu na mji wa Machakos. Ukambani wa wakati huo uligawanywa katika wilaya mbili, Machakos na Kitui. Mbooni, Kilungu na Nzaui, ambazo leo zimo katika Kaunti ya Makueni, zilihesabiwa kuwa sehemu ya Machakos, na Makueni haikuwa wilaya hadi mwaka 1992. Kwa hiyo historia ya Muindi ni historia ya Makueni vilevile, ingawa vitabu vingi huitaja Machakos tu.

Ili kuyaelewa yaliyotokea, yafaa kwanza tumwelewe ng'ombe. Kwa Mkamba, mifugo haikuwa pambo. Maziwa yalikuwa chakula cha watoto, na fahali walikokota plau. Mbuzi mmoja aliweza kulipa kodi au karo, na mahari hayakukamilika bila mifugo. Zaidi ya yote, zizi lilikuwa akiba ya siku za kiangazi. Wazee wa miaka ya 1930 walikuwa bado wanaikumbuka Ngomanisye, ile njaa kuu iliyoanza mwaka 1898 na kuangamiza watu wengi kotekote Ukambani. Aliyesalia na mfugo aliweza kuubadilisha kwa nafaka. Asiye nao alihama au alikufa. Ikiwa leo tunazungumzia bima ya afya, basi zizi ndilo lililokuwa bima ya Kitui na Machakos, na mchango wake ulilipwa kwa nyasi.

Nyasi zenyewe zilikuwa zimepungua. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapa walowezi ardhi bora, kama vile ile ya milima ya Mua, na Yatta, ambako Wakamba walikuwa wakilisha mifugo wakati wa ukame, ikatangazwa kuwa mali ya Taji. Watu na wanyama wakabanwa katika hifadhi. Matokeo yake yalikuwa mmomonyoko wa udongo wa kutisha. Hapa inatupasa tuwe waadilifu: maafisa wa kilimo hawakuwa wakisema uongo. Udongo ulikuwa unakwenda, makorongo yalikuwa yanapanuka, na ripoti za afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, zilieleza hali iliyokuwapo kweli. Kosa lao lilikuwa katika kutaja chanzo na kuamua nani alipe gharama. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka katika miaka ya 1933 na 1934, iliiona mifugo kuwa mingi mno. Haikuona kwamba ardhi ilikuwa imefanywa kuwa ndogo mno.

Mwaka 1938, chini ya Gavana Robert Brooke-Popham, serikali ilianza kupunguza mifugo ya Machakos kwa lazima. Ng'ombe waliozidi idadi iliyowekwa walikusanywa na kuuzwa kwa bei ndogo. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imeweka kiwanda chake cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei rahisi. Wakulima hawakuhitaji shahada kuona uhusiano baina ya mambo hayo mawili. Huko Kitui, nchi kavu zaidi na inayotegemea mifugo zaidi, hapakuwa na sababu ya kuamini kwamba mpango huo ungeishia kwa jirani iwapo ungefaulu.

Je, watu wangelalamika wapi? Lilikuwapo Baraza la Wenyeji, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mabaraza hayo yalitoza ushuru wa wenyeji na kuutumia kwa shule, barabara na zahanati, na kwa hiyo sehemu ya huduma ya afya ya mashambani iligharimiwa na wananchi wenyewe. Lakini mwenyekiti wa baraza alikuwa Mkuu wa Wilaya, yuleyule aliyekuwa akisimamia kupunguzwa kwa mifugo. Mwananchi alichangia fedha bila kushika usukani.

Ndipo kikazuka Chama cha Wanachama wa Ukamba, Muindi akiwa miongoni mwa viongozi wake pamoja na Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi. Mwishoni mwa Julai 1938, zaidi ya watu elfu moja, wake kwa waume, walitoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi Kariokor wakakaa kwa wiki kadhaa, wakikataa kuondoka mpaka wasikilizwe. Hawakubeba silaha. Kikuyu Central Association iliwaunga mkono, Isher Dass akawatetea katika Baraza la Kutunga Sheria, na habari zao zikafika Uingereza, ambako Jomo Kenyatta aliyekuwa akiishi huko alisaidia kuzieneza. Serikali iliingiwa na wasiwasi mwingine pia: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na askari ambaye ng'ombe wa babake wamenyang'anywa si askari wa kutegemewa.

Gavana alikwenda Machakos mwezi Agosti kuhutubia baraza. Muda mfupi baadaye Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka huo serikali ilikuwa imeuacha mpango wa kupunguza mifugo kwa lazima. Mshindi alikuwa kizuizini mwambao, na walioshindwa walibaki ofisini mwao.

Tatizo la udongo nalo lilibaki, na hili wasifuji wa Muindi hupenda kulipita upesi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilibadili mbinu na kutoa fedha za maendeleo kwa ajili ya ardhi za Waafrika. Makueni, iliyokuwa msitu wenye mbung'o, ilifyekwa ili familia kutoka milimani zihamie. Wengi walisita mwanzoni, wakihofu kwamba ardhi ikishasafishwa ingepewa Wazungu. Hofu hiyo ilikuwa tunda la mwaka 1938: serikali iliyokuwa imechukua ng'ombe haikuaminika hata ilipoleta jambo jema. Katika miongo iliyofuata, matuta yalienea katika milima ya Machakos na Mbooni kwa kazi ya vikundi vya mwethya, ambavyo watu walivichagua na kuviongoza wenyewe, na mmomonyoko ukapungua pasipo zizi kuvunjwa.

Nchi hiyohiyo ya Makueni, baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, ilipata sifa kwa kushirikisha wananchi kuanzia kijijini katika kupanga matumizi ya fedha za kaunti. Mwaka 2016 ikaanzisha MakueniCare, ambapo kaya ilichangia shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Sidai kwamba waliobuni mpango huo walimfikiria Muindi. Nasema tu kwamba walikuwa wakiongoza wajukuu wa watu waliolala Kariokor.

Muindi mwenyewe alirejea Ukambani baada ya vita. Nguvu za siasa zilikuwa zimehamia kwa vyama vipya na vijana wapya. Aliuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, miaka kumi kabla ya bendera kupandishwa. Baada ya uhuru, barabara iliyokuwa ikiitwa Stewart, inayopita kando ya Soko la Jiji, ilipewa jina lake.