George Cadbury: mwenye kiwanda aliyewapenda jirani zake, na wafanyakazi wa mbali ambao hakuwaona



Kwa familia nyingi za Beni na Mambasa, kakao ndiyo pesa ya masomo ya watoto, ndiyo dawa, ndiyo mabati ya nyumba. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, zao hilo hilo lilimtajirisha Mkristo mmoja wa Uingereza ambaye jina la jamaa yake bado linasomwa kwenye chokoleti duniani kote. Aliitwa George Cadbury. Wafanyabiashara wa makanisa yetu wanaweza kujifunza mengi kwake, katika mambo aliyoyafanya vizuri na katika jambo moja lililomwaibisha.

George alizaliwa tarehe 19 Septemba 1839 katika mji wa Birmingham. Wazazi wake, John na Candia, walikuwa wa Kanisa la Marafiki, wanaoitwa pia Quaker, ambalo ndugu zetu wa Kivu ya Kusini wanalijua. Baba yake alikuwa amefungua duka mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao, kisha akaanzisha kiwanda. Mama alifariki mwaka 1855, George akiwa kijana wa miaka 15. Baba naye akadhoofika, na biashara ikadhoofika pamoja naye.

Mwaka 1861 George na kaka yake Richard walichukua kiwanda kilichokuwa kinakula hasara. Kila mmoja aliweka humo pauni 4000 za urithi wa mama yao. Walifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, wakajinyima hata vitu vidogo. Waliamua pia kwamba, pesa ikielekea kwisha, watafunga kiwanda mapema ili kila mwenye kuwadai alipwe deni lake lote. Baada ya miaka michache faida ilianza kuonekana. Mwaka 1866 walinunua mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta ya kakao, wakauza unga safi wakati wengine walikuwa wanachanganya kakao na wanga. Watu wakaujua ubora wao, na biashara ikasimama.

Lakini kazi iliyomjenga George haikuwa ya kiwandani. Kwa karibu miaka 50, kila Jumapili asubuhi mapema, alikwenda kufundisha darasa la watu wazima katika mtaa wa Severn Street. Wanafunzi wake walikuwa vibarua na maskini, na wengine walikuwa walevi. Walijifunza kusoma na kuandika kwa kutumia Biblia. Naye hakuishia darasani. Aliwatembelea nyumbani, akaona vyumba vyenye giza, uchafu uani, watoto wagonjwa. Akatambua kwamba ni vigumu kumwambia mtu aache pombe, halafu umrudishe kulala mahali ambapo hata jua haliingii.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la Bournville. Mwaka 1879 ndugu hao wawili walihamisha kiwanda kutoka katikati ya mji hadi mashambani, mwendo wa kilomita chache kusini mwa Birmingham. Wafanyakazi walipata hewa safi, viwanja vya michezo, na mapumziko ya Jumamosi mchana. Siku ya kazi ilianza kwa kusoma Neno na kuomba pamoja. Kuanzia mwaka 1895 George alijenga kijiji karibu na kiwanda. Kila nyumba ilipata bustani yenye nafasi ya mboga na miti ya matunda, na vilabu vya pombe havikuruhusiwa. Nyumba hizo hazikuwa za wafanyakazi wake peke yao. Watu wa kazi nyingine walikaribishwa pia, kwa sababu alitaka kuonyesha nchi nzima kwamba mtu wa kawaida anaweza kukaa mahali pazuri.

Mwaka 1900 kijiji kilikuwa na nyumba 313 kwenye ekari 330. Mwaka huo George alifanya jambo ambalo matajiri wachache hulifanya. Alikabidhi mali hiyo yote kwa mfuko wa amana, ili kodi za nyumba zirudi kujenga nyumba nyingine. Hakuwaachia watoto wake kama urithi. Mwaka 1903 alitoa pia nyumba aliyokuwa ameishi, Woodbrooke, iwe mahali pa mafundisho ya kanisa lake.

Nyumbani kwake kulikuwa na furaha na machozi. Alimwoa Mary Tylor mwaka 1873, wakapata watoto watano. Mary alifariki mwaka 1887. Mwaka uliofuata George alimwoa Elizabeth Taylor, mwanamke mwenye moyo wa kazi za jamii na za amani, naye akawalea watoto watano aliowakuta na kuzaa sita. Watoto 11 walikua katika nyumba ya sala na ya wageni. Kila mwaka watoto wengi wa mitaa maskini ya Birmingham waliletwa kwenye shamba la George ili wacheze na kula. Mwaka 1899 pigo lingine lilikuja, kaka yake Richard alipofariki akiwa safarini Yerusalemu. Tangu hapo George alibaki mkuu wa kampuni, akisaidiwa na wanawe na wana wa Richard.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, sehemu kubwa ya kakao iliyoingia Bournville ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Wareno. Waliofanya kazi kwenye mashamba hayo walikuwa Waafrika waliotolewa Angola. Kwenye karatasi walikuwa na mkataba wa miaka mitano. Kwa kweli walinunuliwa, wakatembezwa mamia ya kilomita hadi pwani, wakavushwa bahari, na karibu hakuna aliyerudi kwao. Walikuwa watumwa walioitwa kwa jina lingine.

Habari hizo ziliifikia jamaa ya Cadbury mwaka 1901. William, mwana wa Richard, alipewa kazi ya kuzifuatilia. Alikwenda Ureno mwaka 1903. Mwaka 1905 kampuni ilimtuma Joseph Burtt, naye akakaa karibu miaka miwili visiwani na bara, kisha akaleta taarifa kwamba ule ulikuwa utumwa. Hata hivyo ununuzi uliendelea. Wakuu wa kampuni waliona kwamba wakiacha kununua watapoteza nguvu ya kuwashauri Wareno, na serikali ya Uingereza nayo iliwaomba wasubiri. Ni mwezi wa Machi 1909 tu walipotangaza kwamba hawatanunua tena kakao ya São Tomé. Miaka minane ilikuwa imepita, na kila mwaka meli zilileta watu wengine.

Jambo hili lilimgusa George kwa uchungu wa pekee. Yeye alikuwa mwenye gazeti la Daily News, lililotetea malipo ya uzeeni kwa maskini na kukemea jinsi vibarua wa Kichina walivyotendewa katika migodi ya Afrika Kusini. William alikuwa mmoja wa watu waliotoa pesa nyingi kusaidia kampeni ya Morel dhidi ya ukatili wa mpira hapa kwetu Kongo, wakati wa Leopold. Gazeti la Standard liliwashtaki mbele ya watu kuwa ni wanafiki, nao wakalipeleka mahakamani Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Wazee wa baraza waliamua kwamba gazeti liliwakosea, lakini fidia waliyowapa ilikuwa farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote za Uingereza. Kila mtu alielewa maana yake.

Baada ya hapo kampuni ilielekea kwa wakulima wa nchi inayoitwa leo Ghana, Waafrika waliolima mashamba yao wenyewe. George aliishi hadi tarehe 24 Oktoba 1922, akafariki akiwa na miaka 83. Bournville ipo hata leo, na mfuko alioukabidhi unaendelea kutunza nyumba.

Je, tumhukumu? Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamwonya anayejenga nyumba bila haki na kumtumikisha jirani bila mshahara. George aliwajengea jirani zake kwa haki, na wema wake haukuwa wa kuigiza. Lakini jirani wa Severn Street alimwona kwa macho, akaujua mlango wake. Jirani wa São Tomé alikuja kwake kama gunia la kakao, na gunia halilii.

Mashariki ya Kongo leo tunakaa pande zote mbili za gunia hilo. Kuna wakulima waliokimbia vita, na kakao yao ikavunwa na wasioipanda. Kuna wanaonunua kakao hiyo kwa bei ndogo bila kuuliza. Kuna dhahabu inayotoka kwenye mashimo wanakofanya kazi watoto. Na wengi wanaofanya biashara hizi ni washiriki wetu, watoa zaka, wazazi wema nyumbani kwao. Mfanyabiashara Mkristo aulize mapema: mali hii imetoka kwa nani, na aliyeitolea jasho amelipwa? Akipata jibu, asikae nalo miaka minane.

Bwana awape wafanyabiashara wetu mikono ya kujenga kama ya George Cadbury, na masikio ya kumsikia aliye mbali. Amina.