Ahmed Khalif, kitambulisho na kura ya Banissa

Katika enzi ya chama kimoja, ni Wabunge wachache waliothubutu kutamka Bungeni neno zito kama alilolitamka marehemu Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi, mwaka 1984. Mwezi Februari mwaka huo wanajeshi waliwakusanya wanaume wa jamii ya Wadegodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawaamuru wavue nguo, wakawaweka juani kwa siku kadhaa bila maji. Wengi hawakurudi makwao. Serikali ilikuja kukiri vifo 57. Khalif aliwaambia Wabunge wenzake kuwa waliokufa walikuwa mamia. Na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kuwa idadi ilikaribia elfu moja.

Ujasiri huo unafahamika. Lisilozungumzwa sana ni hali ya wale aliowawakilisha. Hao walikuwa wapiga kura, na ndio waliompeleka Bungeni, lakini mkoa wao wa Kaskazini Mashariki ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari zilizodumu tangu vita vya shifta hadi mwaka 1991. Kwa maneno mengine, Khalif alikuwa Mbunge wa raia ambao serikali ilikuwa bado haijaamua kama ni raia.

Mwezi Novemba 1989 shaka hiyo ilipewa karatasi. Serikali ya Rais Moi iliagiza kwamba Wakenya wa asili ya Kisomali waliotimu umri wa miaka 18, na wao peke yao, wathibitishe uraia wao upya mbele ya kamati. Aliyefaulu alipewa kadi ya rangi ya waridi. Aliyeshindwa alikabiliwa na tishio la kufukuzwa nchini. Magazeti yetu huliita zoezi la namna hiyo kupigwa msasa. Hapa wasomaji waniwie radhi, maana kuchungulia maneno ndiyo kazi yangu. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala wa kale waliyatumia kulainishia mbao. Ubao haupigwi msasa ili kujua kama ni ubao. Hupigwa ili upunguzwe.

Na walipunguzwa kweli, kwani nchini Kenya hakuna anayeandikishwa kuwa mpiga kura bila kitambulisho cha taifa au pasipoti. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuja miaka mitatu tu baada ya kadi zile za waridi. Mtu aliyekwama mbele ya kamati hakuhitaji kuzuiwa kituoni. Hakuwa na sababu ya kwenda huko.

Katika miaka ya 1990 Khalif alijulikana nchi nzima akiwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, yaani SUPKEM. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, Rais Kibaki alimteua kuwa Waziri wa Leba. Hakukaa katika wadhifa huo hata mwezi mmoja. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyombeba yeye na mawaziri wenzake ilianguka mara tu baada ya kupaa huko Busia, naye akafariki dunia.

Msasa haukufa naye. Mimi ni mzaliwa wa Banissa, kule Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Nilipotimu miaka 18, mwishoni mwa miaka ya 1990, niliitwa mbele ya kamati nikaulizwa jina la babu wa babu yangu na kisima alichonyweshea ngamia wake. Wenzangu wa shule waliotoka mikoa mingine walikuwa wamekwisha kupata vitambulisho vyao bila kuulizwa habari za mababu wala visima. Ajabu ni kwamba kwetu hata lugha haiwezi kumwambia afisa chochote: Wagarre wengi huzungumza Kigarre na Kiborana, na lugha zote mbili zimetapakaa pande zote za mpaka.

Huko Marekani majimbo kadhaa yamekuwa yakijadili jinsi ya kuwazuia maafisa wa uhamiaji wasikaribie vituo vya kupigia kura, kwa hofu kwamba raia wenye sura au lafudhi inayodhaniwa ya kigeni watabaki majumbani. Tangu mwaka 1865 sheria ya nchi hiyo imepiga marufuku askari wa serikali kuu wenye silaha vituoni, isipokuwa kwa kuwafukuza maadui wenye silaha. Mjadala wao ni wa mita ngapi. Wetu ni wa miaka mingapi, kwa maana afisa wetu husimama kwenye meza ya usajili, mbali kabisa na sanduku la kura, na huko hana shahidi wala wakala wa chama.

Wapo watakaonikumbusha Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015. Siwapuuzi. Serikali ina wajibu wa kulinda mpaka, na ina haki ya kumchunguza yeyote ambaye kuna ushahidi dhidi yake. Lakini kuzaliwa Banissa si ushahidi.

Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, agizo la mwaka 1989 lilitoka serikalini, na la mwaka 2025 limetoka huko huko. Banissa, ambayo ilikaa bila Mbunge tangu Machi 2023 hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025 kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, inajua gharama ya kungoja hisani ya Nairobi. Sheria ya Usajili wa Watu bado inampa afisa uwezo wa kudai ushahidi zaidi. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, Bunge liandike humo kwamba ushahidi huo hautadaiwa kwa sababu ya kabila la mtu wala wilaya aliyozaliwa, na kwamba anayenyimwa kitambulisho apewe sababu kwa maandishi, ili aweze kuipeleka mahakamani kabla daftari la wapiga kura halijafungwa.