Jenerali China: Koplo aliyeijua bunduki ndani nje

Ukiishi Mbotela, kuna sauti mbili ambazo masikio yako yashazizoea. Ya kwanza ni ya helikopta za jeshi zinazotoka kambi ya Eastleigh. Ya pili ni ya nyundo za mafundi wa jua kali, ukienda upande wa Shauri Moyo na Kamukunji. Wewe huzipa kisogo na kuendelea na shughuli zako. Lakini kuna jamaa mmoja ambaye kwake sauti hizo zilikuwa uhai na kifo: ndege juu ikimsaka, na fundi chini akimuundia bunduki kwa bomba la maji.

Huyo ni Waruhiu Itote. Pengine umemsikia kwa jina lake la msituni, Jenerali China.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Akiwa kijana wa rika lako alikuja Nairobi kutafuta maisha, na akakuta mji ambao Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa kufanya kazi na kurudi kwao. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, akajiunga na jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee walizoea kuliita KAR. Akavushwa bahari hadi Asia, akapigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Soko la Burma unalolijua, pale unapokwenda kununua nyama, limebeba jina la vita hivyo hivyo.

Jeshini ndiko alikosomea bunduki. Usidhani ni kulenga na kufyatua tu. Mwanajeshi alifunzwa kuifungua bunduki vipande vipande, kuisafisha, kuipaka mafuta na kuirudisha gizani bila kukosea. Alifunzwa pia namna ya kupigana ndani ya msitu mnene, ambapo adui yuko hatua kumi na humuoni. Itote akapanda cheo hadi koplo.

Kuna jambo jingine alilojifunza huko, na hilo halikuwa kwenye ratiba ya jeshi. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, anasimulia jinsi mazungumzo na wanajeshi wengine, akiwemo Mmarekani mweusi aliyekutana naye Calcutta, yalivyomfungua macho. Alianza kujiuliza: hii vita naipigania nani? Na nikirudi nyumbani, nitapewa nini?

Jibu alilipata vita vilipokwisha. Alirudi Kenya na kuajiriwa katika shirika la reli, kazi ya kuchochea moto wa garimoshi kwa makaa. Mtu aliyeaminiwa na bunduki ya mfalme hakuaminiwa na ardhi ya nyumbani kwao. Akaingia katika chama cha KAU, kisha akala kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1952, kabla ya serikali kutangaza hali ya hatari mwezi Oktoba, alikuwa keshaingia msitu wa Mlima Kenya.

Sasa fikiria kibarua kilichomngoja. Alikuwa na vijana kwa maelfu, na bunduki za kuhesabu. Chache ziliibwa au kutekwa. Risasi zilipenyezwa kutoka mitaa ya Eastlands, moja moja, nyingi zikibebwa na akina mama ambao askari hawakuwashuku. Pengo lililobaki lilizibwa na mafundi, baadhi yao waliokuwa wamepitia jeshini au kwenye karakana za mjini.

Bunduki ya kujitengenezea ilikuwa hivi: kipande cha bomba la maji ndicho mtutu. Kitako kilichongwa kwa mti. Komeo la mlango ndilo lililobeba msumari wa kugonga kitako cha risasi, na nguvu ya kulirusha mbele ilitoka kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari. Unavuta, unaachilia, msumari unagonga, baruti inawaka.

Inaonekana rahisi, sivyo? Shida iko hapa. Mtutu wa bunduki ya kiwandani umechongwa mifereji ndani inayoizungusha risasi ili iende wima. Bomba la maji halina mifereji hiyo, kwa hivyo risasi hutoka ikiyumba na baada ya hatua chache hujui itaangukia wapi. Tena, risasi ya jeshi imeundwa kwa ajili ya chuma kigumu. Baruti yake ikiwaka ndani ya bomba jembamba, bomba linaweza kupasuka na kumrudia mwenyewe usoni. Kila mara mpiganaji alipofyatua, alikuwa anaifanyia bunduki jaribio, na mwili wake ndio uliokuwa rehani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bunduki ambazo serikali ilizinasa miaka hiyo zilikuwa za aina hii.

Upande wa pili nao ulikuwa ukijaribu vifaa. Mwaka 1953 Waingereza walileta ndege aina ya Harvard. Hizi hazikuwa ndege za vita, zilikuwa za kufundishia marubani. Zikafungwa bunduki ya rashasha na vishikizo vya mabomu madogo ya kilo 9 hivi, zikawa zinaruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri. Novemba mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizobeba mabomu ya kilo 227 na 454. Hizo zilirukia Eastleigh, kambi hiyo hiyo unayoisikia leo ukiwa Mbotela.

Msitu wa Mlima Kenya ukatikisika. Lakini rubani aliye juu ya mawingu anamwonaje mtu aliye chini ya miti na mianzi? Mabomu mengi yaliangusha miti na kuwatia kiwewe wanyama. Baadaye, mwaka 1954, wanajeshi wa Uingereza waliokuwa humu nchini walipewa bunduki mpya za FN kutoka Ubelgiji ili wazijaribu. Yaani Kenya ilikuwa vita kwetu, na wakati uo huo ilikuwa uwanja wa majaribio kwa wengine.

Hapa ndipo stori inapoingia mtaani kwako. Novemba 1952 aliuawa Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU. Alikuwa mtoto wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kutoka ukoo wa watumwa waliokombolewa na kuishi Freretown, Mombasa. Tom alitaka uhuru lakini aliipinga Mau Mau waziwazi, na kwa hilo akalipa kwa maisha yake. Mtaa wako ukapewa jina lake. Ofafa vile vile ni jina la diwani aliyeuawa miaka hiyo. Kwa hivyo unaweza kutoka nyumbani kwenye mtaa wa mtu aliyeuawa kwa kuipinga Mau Mau, utembee hadi soko lenye jina la vita vilivyowapa Mau Mau majenerali wake. Umbali ni wa kutembea kwa miguu tu.

Turudi msituni. Tarehe 15 Januari 1954, China alipigwa risasi kooni katika mapigano, akanaswa. Polisi aliyeitwa Ian Henderson alimhoji kwa saa 68. Mwezi uliofuata mahakama huko Nyeri ikamhukumu kunyongwa, kwa kuandamana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi.

Serikali ikamwekea mezani njia nyingine: awaandikie wenzake msituni, awaombe wajadiliane kuhusu kuweka silaha chini. China akakubali. Barua zikapelekwa, na wakubwa kadhaa wa Mlima Kenya wakatoka kuzungumza. Kwa wiki chache ilionekana kama mambo yangekwisha. Kisha Aprili yakazuka mapigano kati ya wanajeshi na wapiganaji, imani ikavunjika, na waliokuwa wakijiandaa kujitokeza wakarudi msituni. Tarehe 24 Aprili serikali ikaizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Ule mfereji wa risasi na chakula kutoka mjini ukakauka.

China hakunyongwa. Lakini kuna waliomwita msaliti, na hadi leo utawasikia wakisema hivyo. Alizungumza ili kuiokoa shingo yake, au aliona jambo ambalo mtu asiyewahi kubeba bunduki hawezi kuliona? Huenda yote mawili ni kweli. Tukumbuke kwamba hakuwa mtu wa kuisimulia vita kutoka barazani. Alikuwa ameiona Burma, akaiona Mlima Kenya. Alijua bomba la maji linaweza nini, na halijiwezi nini, mbele ya Lincoln. Alijua pia idadi ya vijana waliokuwa nyuma yake.

Alifungwa Lokitaung, kule Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Aliachiliwa mwaka 1962, akaenda Israel kwa mafunzo, kisha akawa naibu wa mkurugenzi katika shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Hebu waza: jenerali aliyewagawia vijana bunduki za komeo na mpira, sasa kazi yake ni kuwaona vijana wakilima, wakijenga barabara na kujifunza ufundi. Alifariki mwaka 1993.

Mtaani bado utasikia habari za bastola ya kujitengenezea iliyonaswa kwa kijana fulani. Bomba ni lile lile, msumari ni ule ule. Ukimsikia mtu akiisifia kama ujanja, mkumbushe kwamba waliolazimika kuitumia waliijua ubaya wake kuliko sisi, na walikuwa na sababu iliyowazidi nguvu. Mkumbushe pia kwamba aliyewaongoza Mlima Kenya alimaliza maisha yake ya kazi akiwatafutia vijana kitu kingine cha kushika mkononi.

Na ukipita Burma kesho, usinunue nyama tu. Angalia lile jina.