Sam Shubert na Ufunguo wa Ukumbi

Vikundi vya vijana vinavyozunguka shule za sekondari za Meru na Embu kuigiza vitabu vya mtihani vina shida moja: mchezo vinao, ukumbi havina. Leo vitaigiza katika bwalo la shule, kesho katika ukumbi wa kukodi, na mwenye ufunguo akikataa, basi hakuna mchezo. Shida hiyo si ngeni duniani. Ndiyo iliyomwingiza hayati Sam Shubert wa Marekani katika vita ambavyo hakujaliwa kuuona mwisho wake, na leo napenda kumsimulia msomaji habari zake na za ndugu zake wawili.

Shubert alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Lithuania, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na mfalme wa Urusi. Katika miaka ya 1880 familia ilihamia Marekani, ikakaa Syracuse, mji wa jimbo la New York. Baba alikuwa mchuuzi, na kidogo alichokipata kiliishia katika ulevi. Mzigo ukawaangukia watoto. Lee, Sam na mdogo wao Jacob waliuza magazeti na kung'arisha viatu barabarani, na shule wakaionja tu.

Sam alikuwa na mwili dhaifu na akili kali. Angali mtoto alipata kazi katika majumba ya michezo ya kuigiza, akapanda daraja kwa daraja hata akawa mshika fedha. Hapo mlangoni ndipo alipojifunza kwamba mchezaji hushangiliwa, lakini mwenye jumba ndiye anayehesabu pesa. Mwaka 1897 akakodi jumba la Bastable palepale Syracuse. Mwaka 1900 akaingia jiji la New York na kukodi jumba la Herald Square.

Lakini jiji lilikuwa na wenyewe. Tangu mwaka 1896 matajiri sita, wakiwamo Klaw na Erlanger, walikuwa wameungana na kuishika biashara yote ya michezo. Wao ndio walioamua mchezo gani uingie mji gani, na usiku gani. Mwenye kikundi aliyetaka kusafiri ilimbidi apite kwao na kuwakatia fungu la mapato yake. Aliyekataa alifungiwa milango nchi nzima. Sam na ndugu zake wakaanza kutafuta majumba yao wenyewe, moja baada ya jingine, na waliofukuzwa kwingine wakapata pa kuchezea.

Mwezi wa Mei 1905 Sam alipanda treni ya usiku kwenda Pittsburgh kwa shauri la jumba. Karibu na Harrisburg treni iligonga gari la mizigo lililobeba baruti. Sam aliungua vibaya, akafa. Hakuwa ametimiza miaka thelathini.

Wengi walidhani kazi imezikwa naye. Lee na Jacob wakaifanya kuwa wosia. Mwigizaji maarufu wa Ufaransa, Sarah Bernhardt, alipozuru Marekani mwaka 1905 na 1906 chini ya usimamizi wao, matajiri wale walimnyima majumba huko Texas. Akaigiza ndani ya hema, na watu wakafurika. Mwaka 1913, miaka minane kabla ya jumba la Royal kufunguliwa kule Unguja, ndugu hao walifungua jumba New York wakaliita kwa jina la marehemu. Haukupita muda ule umoja wa matajiri ukavunjika.

Naona hapa ndipo penye funzo la kisa hiki. Waliolia dhulma walipokwisha kukabidhiwa funguo, nao wakafunga. Mwaka 1915 mwandishi wa gazeti, Alexander Woollcott, aliukosoa mchezo wao mmoja. Wakampiga marufuku asikanyage majumba yao. Wenye vikundi nao sasa ilibidi wapite kwa Shubert kama zamani walivyopita kwa Erlanger. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Shida ya uchumi iliifilisi kampuni mwaka 1931. Mwaka 1933 Lee akainunua tena kwa dola 400,000. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ikaishtaki kwa kuhodhi biashara, na mwaka 1956 ikalazimishwa kuuza majumba 12 katika miji sita na kuacha kazi ya kuwapangia wengine safari zao. Lee alikuwa amekufa mwaka 1953. Jacob akamfuata mwaka 1963. Kampuni ingali hai, na ina majumba 17 katika eneo la Broadway, New York.

Kujenga ukumbi ni jambo jema, na mwenye mali ana haki ya mali yake. Lakini ukumbi, kama kisima, hupimwa insafu yake kwa yule mgeni anayefika na ndoo tupu. Sam alifariki akiwa bado mtu wa kubisha hodi. Ndugu zake walipewa mtihani mgumu zaidi, wa kuwa wao ndio wanaopigiwa hodi.