Meja Attlee na Majeshi ya Suez
Wenzangu wa zamani watakumbuka tulivyokariri kuwa Clement Attlee (1883–1967) ndiye Waziri Mkuu wa Uingereza aliyeiachia India mwaka 1947. Habari ya Misri hatukufundishwa. Meja huyu, aliyekuwa miongoni mwa askari wa mwisho kuondoka Suvla, Gallipoli, Desemba 1915, alitaka mwaka 1946 majeshi yaondolewe Mashariki ya Kati na kituo kihamie Kenya. Wakuu wa majeshi wakatishia kujiuzulu. Bevin, waziri wake wa mambo ya nje, alikuwa upande wao. Januari 1947 Attlee akakubali yaishe. Mimi niliyekomaa kwenye majalada ya serikali namwelewa, ila simsamehe: bohari lilijengwa Mackinnon Road, na bado askari wakabaki Suez hadi Juni 1956.