Chano Pozo

Luciano Pozo González (anajulikana zaidi kwa jina la Chano Pozo, 7 Januari 1915 – Desemba 1948) alikuwa mpiga tumba, mwimbaji, mchezaji dansi na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Kuba. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake katika bendi ya Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa Marekani. Kazi hiyo ilidumu kwa muda wa miezi kumi na mitano hivi tu, lakini ilibadili nafasi ya ngoma ya mkono katika muziki wa jazz. Kabla yake ngoma hiyo ilikuwa pambo. Kwake ikawa mahali pa kuanzia utunzi wenyewe.

Maisha ya awali

Chano alizaliwa jijini Havana katika familia maskini ya watu weusi. Alikulia katika nyumba za kupanga ambamo familia nyingi zilizunguka ua mmoja. Shule hakusoma sana, na katika ujana wake aliwahi kuwekwa katika shule ya maadilisho kwa sababu ya makosa.

Elimu yake kubwa ilikuwa ya ngoma. Uani watu walipiga na kucheza rumba, na Chano alijiunga na Abakuá, chama cha siri cha wanaume. Chama hicho kilianzishwa Kuba katika karne ya 19 na watu wenye asili ya eneo la Mto Cross, mpakani mwa Nigeria na Kamerun, na kina ngoma na nyimbo zake. Alijua pia ngoma za dini ya Wayoruba waliopelekwa Kuba kama watumwa. Tumba yenyewe, ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja na ambayo baadaye ilienea hata katika bendi za dansi za Afrika Mashariki, ina asili yake katika ngoma za watu wa Kongo waliofikishwa Kuba kwa njia hiyohiyo.

Kazi mjini Havana

Mwaka 1937 serikali iliruhusu tena vikundi vya mitaani kuandamana wakati wa karnivali, baada ya kupigwa marufuku kwa miaka mingi. Chano alipata umaarufu akiwa na kikundi cha Los Dandys, alichokitungia wimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipiga ngoma katika onyesho la Congo Pantera kwenye klabu ya Tropicana, na alifanya kazi pia katika redio.

Nyimbo zake, kama vile Blen Blen Blen na Nagüe, ziliimbwa na bendi kubwa za dansi na kuuzwa katika santuri. Hata hivyo, suala la malipo ya nyimbo hizo lilimletea migogoro. Katikati ya miaka ya 1940 alipigwa risasi katika ugomvi uliohusu haki zake za utunzi. Alipona, lakini risasi moja ilibaki mwilini karibu na uti wa mgongo.

New York na Dizzy Gillespie

Mwaka 1947 Chano alihamia New York, ambako rafiki yake, mwimbaji Miguelito Valdés, alikuwa ameshajijengea jina. Mwanamuziki Mkuba Mario Bauzá ndiye aliyemtambulisha kwa Gillespie. Tarehe 29 Septemba 1947 Chano alipiga na bendi ya Gillespie katika ukumbi wa Carnegie Hall.

Kufanya kazi pamoja hakukuwa rahisi. Chano hakujua kusoma noti na Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Tena, muziki wa Kuba hufuata klave, yaani mpangilio wa mapigo matano unaojirudia tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, wakati wapiga jazz walizoea mwendo wa aina nyingine. Walipokuwa safarini katika basi, Chano aliwafundisha wenzake midundo, kila mmoja na sehemu yake, mpaka wakaweza kuipiga kwa pamoja.

Wimbo wa Manteca, uliorekodiwa tarehe 30 Desemba 1947, unaonyesha njia yao ya kufanya kazi. Chano aliimba kwa mdomo sehemu ya besi, kisha ya saksafoni, kisha ya tromboni, kila moja ikiingia juu ya nyingine kama ngoma zinavyoingiliana. Gillespie aliongeza sehemu ya katikati yenye sauti za jazz, na Gil Fuller akaandika mpangilio wa bendi nzima. Kazi nyingine ya kipindi hicho ni Cubana Be, Cubana Bop, ambayo George Russell alishiriki kuitunga.

Mwanzoni mwa 1948 bendi ilizuru Ulaya, ikiwemo Uswidi na Ufaransa. Baadaye mwaka huo, katika ziara ya kusini mwa Marekani, ngoma za Chano ziliibwa, naye akarudi New York.

Kifo

Mwanzoni mwa Desemba 1948 Chano alipigwa risasi na kufa katika baa moja mtaani Harlem, kufuatia ugomvi na mtu aliyemuuzia bangi. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alizikwa Havana.

Urithi

Chano hakuacha wanafunzi wengi wala rekodi nyingi. Lakini Manteca iliendelea kupigwa na Gillespie kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na hadi leo ni miongoni mwa nyimbo ambazo wapiga jazz hutarajiwa kuzijua. Wapiga tumba wa Kuba waliomfuata Marekani, akiwemo Mongo Santamaría aliyehamia New York mwaka 1950, walikuta bendi za jazz zimeshazoea kuwa na ngoma ya mkono jukwaani.