Imam Malik na Amana ya Kuishuhudia Ilimu ya Wengine

Ndugu msomaji, mwanachuoni anapoisifu hadharani kazi ya mwenziwe, huwa ametoa ushahidi. Watu wengi wasioweza kuipima kazi ile wataifuata kwa kumwamini yeye. Basi ni lini yafaa ushahidi huo utolewe, na ni lini yafaa kunyamaza? Tumtazame Imam Malik bin Anas, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwani maisha yake yote yalipita katika jambo hili.

Imam Malik alizaliwa Madina mwaka 93 wa Hijra, nao ni kiasi cha mwaka 711 wa Miladi. Alisoma kwa Rabia, kwa Nafii aliyekuwa mtumwa wa Abdalla bin Umar kisha akaachwa huru, na kwa Ibn Shihab az-Zuhri. Imepokewa kwamba hakukaa kutoa fatwa mpaka maulamaa sabiini walipomshuhudia kuwa anafaa. Kabla ya kuwapima wengine, alikubali kupimwa yeye.

Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) aliwakuta wazee wengi wakizipokea Hadithi. Walikuwa wacha Mungu, na kila mmoja wao, kwa hukumu ya Malik mwenyewe, angeweza kukabidhiwa Hazina ya Waislamu asiibe hata dirhamu. Juu ya hayo hakuchukua kwao hata Hadithi moja, kwa kuwa hawakuwa watu wa fani ile. Lakini alipokuja az-Zuhri, watu walisongamana mlangoni pake, na Malik akiwa miongoni mwao. Alijua kwamba wema wa mtu ni jambo moja, na ujuzi wake ni jambo jingine.

Kwa sababu hii kitabu chake, al-Muwatta, kikawa chenyewe ni ushahidi. Mwanafunzi mmoja alimwuliza juu ya wapokezi kadha wa kadha, naye akajibu kwamba hawategemewi. Alipoulizwa juu ya mwingine tena, alimrejesha kwenye vitabu vyake: lau mtu yule angekuwa wa kutegemewa, jina lake lingeonekana humo. Hivyo hata kunyamaza kwake kulikuwa na maana, na watu walikuja kuhisabu kwamba aliyepokewa na Malik amekwisha kuthibitishwa.

Lakini mtu mwenye hadhari kama hiyo naye aliteleza. Ndani ya Muwatta mna mapokezi ya Abdulkarim bin Abil-Mukhariq, mtu wa Basra, aliyekuwa mwalimu wa watoto chuoni. Wajuzi wa Hadithi wamemhukumu kuwa ni dhaifu. Ibn Abdil-Barr, mwanachuoni wa Andalus aliyekufa mwaka 463 wa Hijra, ameeleza sababu: mtu yule hakuwa wa mji wa Malik, hata aweze kuijua hali yake, na mwenendo wake mwema ulimghuri. Madhara hayakuwa makubwa, kwani maneno yaliyopokewa kwake yamethibiti kwa njia nyingine. Lakini fundisho ni kubwa. Kanuni aliyoishika Imam mbele ya wazee wa Madina, iliponyoka mkononi mwake alipokutana na mgeni mwenye sura ya utawa.

Jambo la pili lililomtukuza ni kuijua mipaka ya ushahidi. Imepokewa kwamba Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alitaka kuwalazimisha Waislamu wa kila nchi waifuate Muwatta peke yake. Ni mwandishi gani asiyetamani sifa kama hiyo? Malik akakataa. Alimweleza kwamba Masahaba walitawanyika katika miji, na kila watu wana ilimu iliyowafikia na wakaifuata. Hakutaka heshima yake igeuzwe fimbo ya kuwapigia maulamaa wengine.

Wala kumkubali mwanachuoni hakukuwa na maana ya kukubali kila neno lake. Malik alimwandikia waraka al-Laith bin Saad, imamu wa Misri, akimlaumu kwa kutoa fatwa zilizokhitalifiana na mwendo wa watu wa Madina. Al-Laith alimjibu kwa adabu, akaitambua daraja yake, kisha akashika rai yake kwa hoja. Na Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo sisi watu wa pwani, aliihifadhi Muwatta kwa moyo akamsomea Malik mwenyewe. Baadaye akaandika kitabu kizima cha kueleza alipokhitalifiana naye, wala hakuacha kumtukuza kuwa ni mwalimu wake.

Imam Malik alifariki Madina mwaka 179 wa Hijra (795), akazikwa Baqii.

Basi, ndugu zangu, mtu akituletea kitabu na kututaka tukisifu mbele ya watu, tujiulize: tumekisoma? Fani yake twaijua? Au tunamsifu kwa kuwa ni jamaa yetu, au kwa kuwa twamwona safu ya mbele kila sala? Tukijua, tushuhudie wala tusifiche, kwani kuuficha ushahidi ni dhambi. Tusipojua, tumwombee dua njema na tunyamaze. Kunyamaza huko si husuda wala si dharau, bali ni kuichunga amana. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.